Chang'ombe na Kiwalani si mbali

Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, DUCE, kiko Chang'ombe, jirani na Uwanja wa Benjamin Mkapa. Kiwalani iko mbele ya TAZARA, ukifuata Barabara ya Nyerere kuelekea uwanja wa ndege. Mtu akidamka na kupanda daladala, hata foleni ikimshika, kipindi cha pili kinamkuta shuleni. Pale Chang'ombe kuna vijana wanaosomea fizikia, kemia, baiolojia na hisabati. Huku Kiwalani kuna watoto wanaofundishwa sayansi kwa chaki na ubao, na wengi wao watamaliza shule ya msingi bila kuwahi kushika sumaku darasani. Tunataka hawa wakutanishwe.

Tunachodai ni hiki. Kila chuo cha Dar es Salaam chenye wanafunzi wa sayansi kitenge sehemu ya mafunzo yao kwa vitendo ifanyike katika shule za msingi. Mwanachuo aingie darasani pamoja na mwalimu, amsaidie kuandaa na kuendesha majaribio ambayo watoto wenyewe watayashika kwa mikono, na kazi hiyo ipewe alama kama kazi nyingine yoyote ya chuo. Kiwalani iwe ya kwanza kwa sababu iko karibu na ina watoto wengi.

Kwa utaratibu uliopo, mwanachuo wa ualimu akienda fildi anapelekwa sekondari. Yule wa sayansi asiyesomea ualimu anakwenda kiwandani au katika maabara ya taasisi fulani. Shule ya msingi inarukwa, kwa sababu shahada inamwandaa mwalimu wa sekondari, na mwalimu wa msingi anatoka katika chuo cha ualimu. Kwenye makaratasi hilo lina mantiki. Lakini waulizeni walimu wa kidato cha kwanza wanapokea watoto wa namna gani. Wanapokea watoto waliokwisha kuamua kwamba sayansi ni somo la kukariri, na uamuzi huo haukufanyika sekondari. Ulifanyika darasa la nne, siku mwalimu alipochora sakiti ya umeme ubaoni na watoto wakainakili, na asiwepo hata mmoja aliyeona balbu ikiwaka.

Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Wananchi walichanga na majengo yakasimama sehemu nyingi. Lilikuwa agizo zuri. Shule ya msingi haikuguswa, na kwa kweli haihitaji jengo la namna hiyo. Inahitaji ndoo, chupa tupu, betri, na mtu mwenye nafasi ya kuandaa jaribio kabla kengele haijalia. Mwalimu wa shule ya serikali pembezoni mwa jiji hili hana nafasi hiyo. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na kila mzazi wa Kiwalani anajua kwamba darasa la mwanawe limevuka hapo. Mwalimu anayesahihisha madaftari ya kundi kama hilo, kisha akaingia darasa jingine kufundisha hisabati, halafu Kiswahili, hawezi kulaumiwa kwa kushika chaki tu.

Kazi yenyewe ingekuwaje? Tuchukue choya. Mwanachuo ananunua fungu sokoni, anachemsha, anapata maji mekundu. Anayagawa katika chupa tatu za maji ya kunywa zilizokatwa shingo. Ya kwanza anakamulia ndimu na wekundu unakolea. Ya pili anatia magadi, na mbele ya macho ya watoto maji yanageuka kijani au bluu iliyofifia. Ya tatu anaiacha kama ilivyo, ili walinganishe. Hata mtoto aliyekaa nyuma kabisa anaona. Kisha mwanachuo ananyamaza na kusubiri maswali, kwani hapo ndipo somo linapoanza. Watauliza kuhusu sabuni, majivu, soda, maji ya chumvi ya kisima cha jirani. Mmoja atauliza kuhusu mkojo, na asichekwe, maana hilo ni swali ambalo maabara ya hospitali hulijibu kila siku. Kila anayeuliza apewe chupa yake na tone la choya, ajaribu mwenyewe, aandike alichokiona. Neno tindikali likija baada ya hapo, limekuta mahali pa kukaa.

Au twende mtaroni. Kiwalani imejengewa barabara na mitaro chini ya DMDP, mradi wa kuboresha miundombinu ya jiji, lakini mahali popote palipozibwa na takataka maji yanasimama na mbu wanataga. Mwalimu na mwanachuo wakichota maji hayo kwa uangalifu na kuyaweka katika chupa angavu, darasa zima lina viluwiluwi vya kutazama. Kiluwiluwi wa mbu anayeeneza malaria hulala sambamba na uso wa maji. Yule wa mbu wa kawaida wa mitaro michafu, anayeweza kueneza matende, huning'inia kichwa chini na kutoa mrija wake wa kupumulia juu. Mtoto wa miaka kumi akishaona tofauti hiyo haisahau. Ukidondosha mafuta kidogo juu ya maji, viluwiluwi vinahangaika na baadaye vinakufa, na watoto watataka kujua kwa nini mdudu wa majini anakufa kwa kukosa hewa. Jiji hili lilipigwa na homa ya dengue mwaka 2014, likapigwa tena 2019, na mbu wa dengue hapendi mtaro, anapenda tairi chakavu, kopo na ndoo iliyosahauliwa uani. Mtoto aliyejifunza kwa namna hii atarudi nyumbani na kumwaga maji ya kwenye tairi bila kuambiwa na bwana afya. (Wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kurudi darasani, nalo ni somo.)

Fundi redio wa mtaani hakosi spika iliyopasuka. Nyuma ya kila spika kuna sumaku. Kwenye mota ya feni iliyoungua kuna waya wa shaba wa kutosha darasa zima. Zungusha waya huo kwenye msumari mara hamsini, unganisha na betri ya tochi, na msumari unabeba pini. Tenganisha betri, pini zinaanguka. Ndani ya pampu ya kisima kuna mambo hayo hayo, na ndani ya treni ya umeme ya reli ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, kuna hayo hayo kwa ukubwa. Watoto wa Kiwalani wanalelewa kati ya viwanda vya Barabara ya Nyerere na ndege zinazopaa uwanja wa Julius Nyerere. Sayansi imewazunguka pande zote. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaonyesha mlango wa kuingilia.

Mtu anaweza kusema kwamba majaribio haya hayahitaji mwanachuo, mwalimu yeyote anayaweza. Mengi anayaweza. Lakini lipo jaribio la mshumaa, na tunaliomba kila mwalimu alifikirie. Mshumaa unasimamishwa katika sahani ya maji, unawashwa, unafunikwa kwa glasi. Moto unazimika, maji yanapanda ndani ya glasi. Vizazi vya wanafunzi vimeambiwa kwamba maji yamepanda kujaza nafasi ya oksijeni iliyoungua. Maelezo hayo hayatoshi. Ukitazama vizuri utaona maji yanapanda zaidi baada ya moto kuzimika, si wakati mshumaa unawaka. Ukiwasha mishumaa mitatu badala ya mmoja chini ya glasi ile ile, maji yanapanda juu zaidi, ingawa oksijeni ndani ya glasi ni ile ile. Sababu kubwa ni joto. Hewa iliyopashwa moto hutanuka na nyingine hutoka, na inayobaki ikipoa husinyaa na kuvuta maji juu. Mwalimu aliyekaririshwa jibu la oksijeni hana kosa, alifundishwa hivyo na aliyefundishwa hivyo. Mwanachuo wa fizikia akiwa pale, wawili hao wanaweza kuweka mishumaa mitatu mezani na kuliacha darasa liamue. Mwalimu anabaki na jambo hilo miaka yote ijayo, hata mwanachuo akishaondoka.

Naye mwanachuo ananufaika, tena pengine kuliko wote. Tangu kidato cha kwanza amesoma sayansi kwa Kiingereza. Maneno kama usanisinuru, mvukizo na kani mvutano aliyaacha shule ya msingi, na tangu hapo amejenga elimu yake juu ya maneno mengine. Mwambie sasa awaeleze watoto wa darasa la tano, kwa Kiswahili, kwa nini barafu inaelea. Hawezi kujificha nyuma ya istilahi. Ama anaelewa jambo lenyewe ama haelewi, na watoto watalibaini hilo mara moja. Tunaamini kwamba mwanachuo aliyefanikiwa kueleza msongamano wa maada kwa mtoto wa muuza mihogo wa Bombom, hapa Kiwalani, ameielewa fizikia yake kuliko aliyefaulu mtihani wa kuandika tu. Kwa anayejiandaa kuwa mwalimu, hayo ni mafunzo halisi ya kazi.

Nchi hii ina kisa chake cha chuo kukutana na shule, na kinajulikana duniani kote kuliko kinavyojulikana Dar es Salaam. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakangoja yapoe ndipo wayaweke kwenye friji. Siku moja, kwa kuogopa kukosa nafasi, Mpemba aliweka maziwa yake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeweka ya baridi. Alimuuliza mwalimu wake, akaambiwa amechanganyikiwa. Hakuliacha. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Wenzake wakaligeuza kuwa utani.

Kisha Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, akaenda Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama na kuuliza swali lile lile mbele ya wote, na wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam na kuagiza jaribio lifanyike maabara, na maji ya moto yakaganda kwanza. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja katika jarida la elimu ya fizikia la Uingereza, na tangu hapo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba katika maabara za kila bara. Wanasayansi hawajakubaliana hadi leo kuhusu chanzo chake, na wapo waliolirudia jaribio wasipate matokeo hayo. Mjadala huo wa wataalamu ulianzia kwenye friji ya wanafunzi wa Lushoto.

Kwetu sisi, uzito wa kisa hiki uko kwa mgeni kutoka chuoni. Walimu wa Mpemba hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na vitabu, vitabu vilisema vingine, na muda ulikuwa mfupi. Alihitajika mtu mwenye maabara nyuma yake na asiye na haraka ya kumaliza silabasi, akamwambia kijana: nitakwenda kujaribu. Kuna Mpemba wangapi katika madarasa ya Kiwalani leo ambao hawajapata mtu wa kuwaambia neno hilo?

Nje ya nchi utaratibu huu si mgeni. Ufaransa ilianza mwaka 1996, pale Georges Charpak, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1992, alipowashawishi wakuu wa elimu warudishe majaribio ya mikono katika shule za msingi. Wazo alilipata Chicago, katika shule za mitaa maskini. Baadaye wanafunzi wa sayansi wa vyuo vikuu wakaanza kwenda madarasani, kwa sharti moja lililoandikwa: mwanachuo ni msindikizaji, mwalimu ndiye mwenye darasa. Uingereza, tangu mwaka 2002, kuna mpango unaowapa wanachuo alama za kozi kwa kufanya kazi shuleni. Tuchukue hayo mawili, sharti la Wafaransa na alama za Waingereza.

Sharti lile tunalisisitiza kwa sababu tumewahi kuumia. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, nchi iliamua kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, na vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa madarasa huku wakisomea ualimu kazini, kwa redio na masomo ya posta. Walijitolea, na watoto wengi walijua kusoma kwa sababu yao. Lakini kijana kuachiwa darasa peke yake ni mzigo usio wake, na shule zetu ziliubeba kwa miaka mingi. Mwanachuo wa leo asiachiwe darasa hata kwa kipindi kimoja, hata siku mwalimu anaumwa. Hiyo ni kwa ajili ya ufundishaji na pia kwa ajili ya usalama wa watoto: asiwe peke yake na mtoto, aingie kwa barua ya chuo iliyopokelewa na mwalimu mkuu, na wazazi waambiwe yeye ni nani.

Lipo pia suala la ajira, na hatutalikwepa. Mitaani kuna wahitimu wa ualimu wanaosubiri ajira kwa miaka, na baadhi wanafundisha kwa kujitolea wakitumaini jina lao litatoka. Wana haki ya kuhofu kwamba serikali ikipata wanachuo wa bure itasahau kuajiri. Kwa hiyo isitokee hata siku moja mwanachuo akahesabiwa katika ikama ya shule. Kama Kiwalani ina upungufu wa walimu sita kabla ya mpango huu, iandikwe kuwa ina upungufu wa sita baada yake.

Fedha si nyingi. Bodi ya Mikopo inatoa fedha za mafunzo kwa vitendo kwa wanafunzi wenye mkopo, na kinachotakiwa ni chuo kuitambua shule ya msingi kuwa kituo halali. Vifaa vya jaribio la choya au la sumaku havizidi matumizi madogo ya nyumba kwa siku moja. Viwanda vya Barabara ya Nyerere, ambavyo vinahitaji mafundi waliofundishwa vizuri, vinaweza kutoa waya na chupa bila kuumia. Serikali ambayo tangu mwaka 2022 inawafadhili wanafunzi bora wa sayansi wa vyuo vikuu kwa jina la Rais Samia ina haki ya kuwaomba wanufaika hao asubuhi chache kwa ajili ya watoto wa shule walizotoka.

Kuhusu muda, likizo ndefu ya vyuo huangukia miezi ya Julai hadi Septemba, wakati shule za msingi ziko katika muhula wa pili. Darasa la saba waachwe, wana mtihani wao Septemba. Waingie darasa la tatu, la tano na la sita, asubuhi mbili kwa wiki. Darasa la nne, wanaopimwa kabla ya mwaka kwisha, waachiwe mwalimu wao aamue.

Tunawaomba wakuu wa vyuo, tukianza na jirani yetu wa Chang'ombe, wamwandikie Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam. Tunamwomba Mkurugenzi ateue shule mbili za Kata ya Kiwalani na awaulize walimu wa sayansi wa shule hizo kabla ya mtu mwingine yeyote: wanahitaji nini, na siku gani. Shule zinafunguliwa Julai.